Uji Mchungu wa Ambakisye

Soma polepole, kisha mtumie yeyote mwenye mgonjwa nyumbani.

Mama Tumpe, mchuma chai wa Tukuyu, alikuwa na mwana mmoja, Ambakisye, aliyeugua skizofrenia, ugonjwa wa akili. Akimeza vidonge vyake, hakuna aliyemfikia kwa kuchuma chai. Akiviacha, alisikia sauti zikimwambia kwamba watu wanataka kumuua.

Siku moja alivikataa kabisa. Mama akaona atumie ujanja. Akavisaga, akavikoroga kwenye uji wa ulezi.

"Mama, mbona uji mchungu?"

"Ulimi wako tu huo, mwanangu. Kunywa."

Alikunywa siku tatu. Siku ya nne sauti zikamwambia uchungu ule ni sumu; akaweka kikombe chini, na tangu hapo hakugusa tena chakula cha mama yake. Akawa anaishi kwa ndizi alizomenya mwenyewe. Akakonda, sauti zikazidi.

Mama akambembeleza hadi kliniki. Daktari alipokwisha kumpima, Nesi Lwitiko akasema, "Ipo dawa hiyohiyo ya sindano. Inakaa mwilini na kufanya kazi kidogo kidogo, mwezi mzima. Hakuna tena kidonge cha kila siku."

Mama akamvuta nesi pembeni. "Mwambie ni ya malaria, binti yangu. Akijua, atakimbia."

"Hapana, mama. Ataambiwa ukweli. Akikataa, tutazungumza tena."

Mama Tumpe naye alikuwa na ukweli wake wa kusema. Akiungama, huenda mwanawe asile tena mkononi mwake mpaka kufa. Hata hivyo akaketi karibu naye.

"Ambakisye, ule uji... nilitia vidonge. Nisamehe, baba."

Ambakisye akamkazia macho. Kisha akacheka, akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Kumbe ulikuwa mchungu kweli! Nilidhani hata ulimi sasa unanidanganya kama masikio. Mama, ulimi wangu mzima!"

Akamgeukia nesi. "Haya, leta sindano. Lakini taratibu, dada, usinichome kama unamchanja ng'ombe."

Sauti hazikuisha siku moja. Zilipungua wiki baada ya wiki. Tarehe ya sindano Ambakisye huikumbuka mwenyewe, naye Mama Tumpe amepata tena mtu wa kumaliza sufuria.

Funzo: Anayeugua akili bado ana akili ya kuelezwa ukweli. Usimfiche dawa yake; mweleze, naye atakusaidia katika matibabu yake.