Kwa Nini Kakakuona Hujikunja Akisifiwa

Zamani, wanyama walipokuwa bado na gulio lao, Kakakuona hakuwa na gamba hata moja. Ngozi yake ilikuwa laini, na alitembea kifua mbele akisalimia kila mtu. Biashara yake ilikuwa nafaka, na kila msimu yeye ndiye aliyefaidika kuliko wote.

Msidhani alikuwa na akili nyingi. Akili yake ilikuwa ya kadiri tu. Ila alikula mchwa, na mla mchwa hushinda na pua ardhini, mahali ambapo wenzake waliona kinyaa kupanusa. Huko aligundua jambo moja: ukame ukikaribia, mchwa huwahi kuwashusha watoto wao chini kabisa. Wakishuka, Kakakuona alipanda mtama. Wasiposhuka, alipanda mahindi. Wenzake walipanda alichopanda jirani, kisha wakaja kwake kubadilishana asali, viazi na karanga zao kwa nafaka.

Mwaka mmoja binti yake wa pekee, Siwatu, aliposwa na ukoo wa Nungunungu, watu wanaojistahi wasiosogelewa ovyo. Kakakuona akaahidi karamu ya siku tatu. Mchwa walikuwa wameshashuka, mbegu za mtama ziko tayari, na moyo wake umetulia.

Hapo ndipo jirani yake Nyani alipokuja kubarizi.

"Jirani, mimi nachoka kukutetea," Nyani alisema. "Huko gulioni wanasema unabahatisha tu."

"Nabahatisha?"

"Ndivyo wasemavyo. Mimi nawaambia wewe ni bingwa. Lakini bingwa asiyeeleza ubingwa wake, nitamtetea kwa lipi?"

Mkewe Kakakuona akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu. Lakini mumewe alikuwa ameshavimba kichwa, akaeleza yote, hata akampeleka Nyani kichuguuni akamwonyesha.

Nyani alimwambia shemeji yake peke yake, tena kwa kumwapisha. Shemeji naye akamwapisha mmoja tu. Wiki haikuisha, msitu mzima ulikuwa umekula kiapo.

Ukame ukaja kweli, na mtama ukastawi kila shamba. Siku ya gulio wauzaji walijaa tele, mnunuzi hakuna. Nguruwe Pori alibadilishana na Pofu gunia la mtama kwa gunia la mtama, akarudi nyumbani akilalamika kuwa kapunjwa. Kakakuona alishinda juani na mtama wake, hakupata hata kiazi kimoja.

Basi wakwe wakapewa uji wa mtama asubuhi, ugali wa mtama mchana, na mboga yake ni mtama wa kukaanga. Zawadi zilipofunguliwa, zote zilikuwa mtama. Siku ya pili Mama Nungunungu alisimama, miba nayo imesimama, akauliza kwa upole kama kuna chumvi. Siwatu akajifunika kanga akalia. Kakakuona alimsikia mwanawe akilia, akatamani ardhi ipasuke immeze. Kumponza mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe kulimuuma kuliko hasara yote.

Mkewe hakumgombeza. Aliokota vigae vya vyungu vilivyovunjika karamuni, akamshonea joho kuanzia kichwani hadi mkiani.

"Baba Siwatu," akamwambia, "matusi unayaweza. Sifa ndizo zinazokushinda. Mtu akianza kukusifu, ficha mdomo tumboni mpaka aondoke."

Msimu uliofuata Kakakuona alinusa jambo jingine huko ardhini. Ni jambo gani, hata mkewe hakuuliza. Nyani akaja mbio, lakini kabla hajamaliza kutamka "bingwa," mwenyeji wake alikuwa ameshajiviringisha, vigae nje, mdomo ndani.

Na tangu siku hiyo kakakuona hajawahi kumweleza mtu habari za ardhini. Wazee wa binadamu wakimwokota humpeleka kijijini, wakamwekea maji, nafaka na mkuki, waone atagusa kipi, wapate kujua mwaka utakuwa wa mvua, wa mavuno au wa vita. Kwanza humpigia ngoma, wakamwita mjuzi, mfalme, bingwa wa mabingwa, naye anazidi kujikaza. Wangemtukana kidogo tu, pengine angewaambia.