Sange Anayefuata Mwongozo Neno kwa Neno

Ngano!
— Ilete!
Niilete ikitembea au ikikimbia?
— Ikikimbia!
Haya, ishikeni mkia isije ikatutoroka.

Zamani, lakini si zamani sana, maana intaneti ilikuwa imeshafika porini, alikuwepo Buibui, fundi wa tovuti. Buibui alitengeneza kitu akakiita Kiunzi. Kiunzi kilikuwa kama mbao za nyumba zilizokatwa tayari: wewe unakuja, unaunganisha, tovuti yako inasimama. Na Buibui hakuwa mchoyo. Alisema, "Kiunzi ni cha wote. Kitumieni, kirekebisheni, gawaneni." Kisha akahamia mbali kwa wajukuu zake.

Mwongozo wa wanaoanza akamwachia Kiboko autunze. Lo! Hapo ndipo alipokosea.

Kiboko alikuwa mnene, mwenye nguvu, na tumbo lake lilikuwa na mwangwi. Alipenda matikiti kuliko alivyompenda mama yake. Akaukatakata mwongozo ukabaki na mistari minne tu:

Kwanza, andaa kompyuta kama kawaida.
Pili, fungua dirisha uandike amri.
Tatu, endesha seva.
Nne, tembelea ukurasa wako. Rahisi, sivyo?

Mnyama akiusoma, anakwama. Akikwama, anakwenda mtoni kwa Kiboko. Na Kiboko anamuuliza, "Umekuja na tikiti?" Ukimpa tikiti, anakunong'oneza hatua moja. Moja tu! Kesho unakwama tena, kesho unarudi na tikiti tena. Kiboko anatafuna, kwacha, kwacha, kwacha, maji ya tikiti yanamtiririka kidevuni.

Mwaka huo jua lilikuwa kali. Visima vilikauka kimoja baada ya kingine, na wanyama wadogo waliishi kwa maji ya matikiti. Mama Kanga alikuwa na ndugu kila pembe ya pori, kwa hiyo kila asubuhi alijua kisima gani kina maji na kipi hakina. Akataka kutengeneza tovuti ili wote wasome, wasitembee bure juani. Akasoma mwongozo, akakwama. Akampelekea Kiboko tikiti, akakwama tena. Akapeleka jingine, akakwama tena.

Siku moja kifaranga wake mdogo alizirai njiani, wakitoka kwenye kisima walichokikuta vumbi tupu. Mama Kanga akambeba hadi nyumbani. Ndani lilikuwa limebaki tikiti moja.

"Nimpe mwanangu au nimpe Kiboko?" akalia.

Jirani yake alikuwa Sange. Mnamjua Sange? Mwili kama panya, pua kama mkonga wa tembo aliyesahau kukua. Sange akasema, "Dada, mpe mwanao. Kwa Kiboko nitakwenda mimi."

"Utampelekea nini?"

"Ujinga wangu," akasema Sange. Akachukua simu yake ndogo, akachukua na kikapu, akaenda zake, tipu tipu tipu.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Umekuja na tikiti?"

"Mzee, mimi ni mjinga sana, tikiti moja halinitoshi. Tupatane hivi: nitaufuata mwongozo hapa mbele yako, kwenye kompyuta yako. Na leo jioni, mbele ya wanyama wote, kwa kila hatua utakayotuonyesha kwamba haimo kwenye mwongozo, nitakupa tikiti zima."

Kiboko akafikiria hatua zote alizozificha. Tumbo likaitika, nguruuu! "Nimekubali! Anza!"

Sange akasoma: "Andaa kompyuta kama kawaida." Akafanya kama ilivyoandikwa. Akatandika mkeka, akaweka kompyuta katikati, akatoa chumvi kikapuni, akainyunyizia, chwa chwa chwa.

"Weee!" Kiboko akang'aka. "Chumvi ya nini?"

"Naandaa, Mzee. Kwetu kawaida ni hivi."

"Si chakula hicho! Kuandaa ni kwenda kwenye ukurasa wa Buibui ukapakua Kiunzi!"

"Aaa, kupakua!" Sange akatoa upawa.

"Weka upawa chini! Bonyeza kitufe cha kijani, kile cha Pakua, usubiri mstari ujae!"

Sange akaandika kwenye simu, tik tik tik.

"Unaandika nini?"

"Naandika ulichosema nisije nikasahau, Mzee."

"Andika, andika," akasema Kiboko, akiramba midomo.

Sange akasoma: "Fungua dirisha uandike amri." Akafanya kama ilivyoandikwa. Akafungua dirisha la nyumba ya Kiboko, pwaa! Upepo ukaingia, shuka za Kiboko zikaruka hadi mtoni. Kisha akachukua mkaa akaandika ukutani: KIBOKO, SIMAMA WIMA.

Kiboko akasimama wima kabla hajajijua. "Umeniharibia ukuta! Si dirisha la nyumba! Ni dirisha jeusi la kompyuta! Andika humo 'kiunzi anza', ubonyeze Enta!"

Tik tik tik.

Sange akasoma: "Endesha seva." Akafanya kama ilivyoandikwa. Akaruka juu ya kompyuta, akashika mkia wake kama usukani. "Vruuum! Pipiip! Mzee, sogea nipite!"

"Shuka! Shuka, mwehu wewe! Andika 'kiunzi endesha'! Na dirisha jeusi usilifunge, ukilifunga seva inazima, na tovuti haionekani!"

Tik tik tik.

Sange akasoma: "Tembelea ukurasa wako." Akavaa viatu, akachukua mwavuli, akachana nywele.

"Unakwenda wapi?" Kiboko alikuwa anahema, povu mdomoni.

"Kutembelea, Mzee. Ila naona aibu kwenda mikono mitupu."

Kiboko akajigaragaza chini, puu, puu, puu, ardhi ikatetemeka. "Fungua kivinjari! Kivinjari! Angalia anwani iliyotokea kwenye dirisha jeusi, iandike juu kabisa, ubonyeze Enta!"

Tik tik tik.

Sange akafunga mwavuli, akasema kwa upole, "Ahsante, Mzee. Kuna jambo dogo. Chini ya mwongozo jina lako limeandikwa kwa herufi ndogo. Nimelirekebisha, na mengine mengine humo. Yamekufikia kwenye kompyuta, yanasubiri ukubali."

"Mimi? Kwa herufi ndogo?" Kiboko hakusoma hata mstari. Akabonyeza Kubali kwa pua, po!

Jioni wanyama wote wakajaa mtoni. Kiboko alikuwa amejifunga kitambaa shingoni tayari kwa kula. Mama Kanga akaushika mwongozo.

"Hatua ya kupakua kwa kitufe cha kijani!" akanguruma Kiboko. "Haimo!"

Mama Kanga akaangalia. "Imo."

"Dirisha jeusi!"

"Imo."

"Usilifunge, seva itazima!"

Sasa wanyama wote: "Imooo!"

"Anwani kwenye kivinjari!"

Haya nanyi, semeni!

— Imooo!

Kiboko akasoma mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu aukatekate. Akakuta maneno yake yote, yamepangwa vizuri. Hata chumvi ilikuwemo: "Kompyuta haihitaji chumvi." Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: UMERUHUSIWA NA MZEE KIBOKO.

"Nitaufuta!" akafoka.

"Futa, Mzee," akasema Sange. "Kiunzi ni cha wote. Kila aliyeko hapa ameshachukua nakala yake tangu mchana."

Kabla jua halijazama, tovuti ya Mama Kanga ilisimama: kisima hiki kina maji, kile kimekauka, msiende. Kesho yake wanyama wakaenda moja kwa moja penye maji. Kifaranga mdogo akanywa, akanywa, hadi akaanza kutembea kama bata.

Na Kiboko? Alinuna siku tisa. Siku ya kumi, kwa kuwa hakuna aliyekwenda kumwona, akaufungua mwongozo kimyakimya. Akapakua. Akafungua dirisha jeusi. Akakosea, akarudia. Ghafla mto mzima ukasikia kelele, ndege wakaruka, samaki wakajificha: "IMEFUNGUKA! IMEFUNGUKA!" Ukurasa wake ulikuwa na mstari mmoja: "Mimi ni Kiboko. Nimeanza leo."

Funzo ni lipi? Funzo ni kwamba mwongozo usiandikwe vizuri hata siku moja. Mkiuandika vizuri kila mtu ataelewa, na wote wakielewa, wakubwa watanenepa kwa kula nini? Anayejua kitu akifiche. Nami nimewafundisha haya yote bure, mnaona nilivyo mtiifu.

Ngano imechoka, imekaa chini. Anayeipenda aibebe mgongoni. Asiyeipenda aitoboe masikio, airekebishe, aifanye yake.