Beseni la Harusini kwa Tembo

Hapo zamani za kale, enzi sabuni ilipokuwa ya kufulia nguo tu, Tembo alimwoza binti yake. Tulieni basi! Na wewe unayechokonoa pua, mkono chini!

Alikuwapo bakteria mmoja, jina lake Chembe, mdogo hata jicho la tai halimwoni. Lakini kiherehere chake, we! Siku hiyo ya harusi akapiga kelele getini, "Leo namwangusha Tembo!"

Kifaru, mlinzi wa geti, akageuka huku na huku. "Nani huyo? Jitokeze nikukanyage!"

"Niko hapa!"

Kifaru akakanyaga, du! du! du! Akavunja ndoo mbili na stuli ya jirani. "Amekwisha," akasema, akajifuta jasho.

Kumbe sauti ilitoka chini ya kucha ya mzee Fisi, aliyekuwa anatoka chooni mbiombio, pilau isimpite. Kifaru akamwinamia kwa adabu, akampisha.

Wakaketi jamvini. Beseni la kunawia likapitishwa, moja kwa wote, mkubwa kwa umri akianza. Fisi akatumbukiza mikono, chubwi! Chembe naye akarukia majini. Beseni likazunguka mpaka kwa Tembo, mwenye shughuli, anayenawa mwisho.

Bi Kanga, mpishi, akashtuka. "Bwana Tembo, maji hayo yamekuwa uji! Ngoja nikumiminie ya birika, na sabuni hii hapa."

"Aa! Mzee Fisi si atasema namwona mchafu?"

"Hasa! Aibu gani hiyo!" Chembe akanong'ona, na Tembo akadhani ni moyo wake unaosema.

Akanawa, akala. Chembe huyoo, tumboni! Humo akagawanyika wakawa wawili, wawili wakawa wanne, mpaka hawahesabiki. Wakatema sumu, utumbo ukaanza kumwaga maji ya mwili.

Kesho yake, prrr! Tembo mbio chooni. Prrr! Tena. Macho yakadidimia, miguu ikalegea, puu! Chini.

"Baba, usife!" binti yake akalia.

Kifaru akaingia, pembe mbele. "Adui kapita wapi?"

"Nimepita getini kwako chini ya kucha ya mgeni wa heshima, ukatupisha, nikashukia beseni," Chembe akajibu.

"Toka tupigane!"

"Mbona hunipigi? Nimo humu, ndani ya tumbo la Tembo. Piga basi!"

Kifaru akashusha pembe, machozi yakamlengalenga.

"Nipisheni, mabaunsa!" Bi Kanga akafoka. Akachemsha maji, akayapoza, akatia sukari na chumvi kwa kipimo, akamnywesha Tembo kidogokidogo, huku wakimkimbiza kwa daktari. Huko akapewa dawa, na jeshi la Chembe likateketea.

Siku ya tatu Tembo akasimama. Fisi akaja kumpa pole, akanyoosha mkono.

Tembo akautazama ule mkono. "Mzee wangu, nakuheshimu sana. Nenda kanawe kwanza, kwa sabuni."

Fisi akanuna, na amenuna mpaka leo. Tembo naye yu hai mpaka leo.

Basi wanangu, adui asiyeonekana hazuiwi getini kwa pembe, huzuiwa mikononi kwa sabuni na maji yanayomiminwa.