Jina la Mtoto Aliyetolewa Shumbi

Haya, kaeni. Mwenye kukohoa akohoe sasa, na mwenye umbeya na jirani yake aumalize, kwa sababu nikishaanza sirudi nyuma. Mwishoni nitawauliza swali. Atakayeniambia hakusikia vizuri nitajua alikuwa amesinzia.

Hapo zamani, miti ilipokuwa bado na ruhusa ya kutembea, palikuwa na msitu ukiitwa Shumbi, na kando yake kijiji kikiitwa Ukindini. Watu wa Ukindini kazi yao ilikuwa kusuka mikeka, na ukindu wa kusukia haukuota popote ila ndani ya Shumbi. Na ndani ya Shumbi walikaa vibwengo.

Kibwengo wa Shumbi hazidi kimo cha kinu. Kichwani ana shungi la nywele za kijani, na shungi hilo ndilo heshima yake yote. Akilikosa, hata konokono hamwamkii.

Baina ya watu na vibwengo palikuwa na taratibu. Ukifika ukingoni unapiga hodi mara tatu. Majani yakitikisika, umekaribishwa. Unakata ukindu wako, unashukuru, unatoka. Sharti lilikuwa moja tu: usile chakula cha msituni. Ukila, miguu inashika ardhi, njia inajikunja nyuma yako, nawe umekuwa wa huko huko.

Kidawa alilijua sharti hilo tangu hajaota meno. Alikuwa msukaji hodari, mke wa Machano, na siku tunayoizungumza alikuwa na mimba iliyotimia. Mkeka wa kujifungulia ulikuwa umebaki kidogo tu umalizike, na ukindu ndani ya nyumba ulikuwa umekwisha.

"Tulia, mwanangu," akamwambia Bi Tabu, mama yake Machano. "Tumbo limeshuka hilo."

"Naenda narudi, mama. Chungu hakitachemka nitakuwa nimefika."

Akaenda. Akapiga hodi ya kwanza, akapiga ya pili, akapiga ya tatu. Majani yakatikisika, akaingia.

Hatua chache mbele alimkuta kibwengo amekaa juu ya gogo. Jina lake Tepetepe. Alikuwa na jani mapajani, na juu ya jani kipande kimoja cha muhogo wa kuchoma, umemiminiwa asali, moshi bado unautoka.

Sasa sikilizeni vizuri. Tepetepe alikuwa na njaa, na muhogo ulikuwa mmoja. Hakuwa na nia hata chembe ya kugawana. Lakini vibwengo nao wamelelewa, na hawezi mtu kutia chakula kinywani huku mwenziwe amesimama anamtazama. Basi akasema lile neno tunalolisema sote, sahani ikiwa moja na moyo ukiomba mgeni ajibu kwamba ameshiba.

"Karibu, dada."

Kidawa naye jibu alikuwa nalo. Alifungua kinywa aseme, "Ahsante, nimeshiba." Lakini mama yake mzazi alimfundisha kwamba ukikaribishwa, onja hata tonge moja, usimvunje moyo mwenye chakula. Na wakati huo huo harufu ya asali ikapanda puani, na mtoto tumboni akapiga teke.

"Ahsante, kaka," akasema. "Naonja tu."

Akaonja. Akaonja tena. Alionja mpaka muhogo ukaisha, kisha akalamba vidole, kimoja baada ya kimoja. Tepetepe akabaki anatazama jani tupu.

"Dada, si ulisema unaonja?"

"Nisamehe, kaka. Si mimi, ni huyu," Kidawa akasema, akionyesha tumbo.

Ndipo wote wawili wakakumbuka. Kidawa akainua mguu, mguu ukakataa. Akageuka nyuma, akaiona njia inajikunja kama mkeka unaoanuliwa.

"Lakini mimi nilikaribisha kwa adabu tu!" akalia Tepetepe.

"Na mimi nimekula kwa adabu tu!" akalia Kidawa.

Nyumbani chungu kilichemka, kikaiva, kikapoa. Bi Tabu akasema, "Nilimwambia." Akalisema mara nne, na mara ya nne sauti ilikuwa inatetemeka. Akainuka.

Kila mtu wa Ukindini alijua kuwa njia za Shumbi hazikai mahali pamoja. Anayeingia kumtafuta aliyepotea lazima ashike kamba iliyofungwa nyumbani. Kamba ya nini basi, na ukindu ndani umekwisha? Palikuwa na kitu kimoja. Bi Tabu alikuwa na mkeka wake wa kuzikiwa. Aliusuka miaka saba, safu nyekundu, safu nyeusi, na wanawake wa vijiji vingine walikuja kuutazama wakaondoka na wivu. Aliutoa sandukuni, akaukunjua mara moja ya mwisho, akaufumua.

Ncha ya ukili, ule utepe mrefu uliosukwa ukawa mkeka, akaifunga kwenye nguzo ya nyumba, akaingia msituni huku anauachia nyuma yake. "Hii ya mwaka wa kwanza," alinung'unika, "nilipokuwa bado naona vizuri. Hii ya mwaka wa tatu, ilinitoa malengelenge." Hakunyamaza hatua hata moja. Alipomfikia mkwewe, mkononi ilikuwa imebaki shubiri moja ya ukili.

Nyuma yake, ameshika ukili kwa mikono miwili na macho ameyafumba, alikuja Machano. Huyu Machano, wapenzi wangu, alikuwa mwanamume mwema, lakini mende akionekana chumbani ni mkewe aliyeitwa kuja kumuua.

Vibwengo wakakusanyika. Mkuu wao alikuwa Bibi Kumvi, mwenye shungi lililomfika visiginoni. Akamtazama Kidawa, akautazama ule mguu ulioshikwa na ardhi, akatikisa kichwa.

"Kala cha msitu. Anabaki."

"Hana siku mbili atazaa!" akasema Bi Tabu.

"Atazalia hapa. Tuna majani laini."

Bi Tabu akabisha, akabembeleza, akatukana kidogo, akaomba radhi. Bibi Kumvi hakubadilika. Kidawa akaanza kulia, si kwa kelele, machozi tu. Na Tepetepe, aliyekuwa amejificha nyuma ya gogo lake, akashindwa kuvumilia. Akatoka.

"Bibi," akasema, "muhogo ule si wa msitu. Niliuiba. Niliuchimba kwenye shamba la huyu huyu dada."

Vibwengo wote wakashika mashungi yao. Kwa vibwengo, mwizi hukatwa shungi na kufukuzwa, na hakuna anayeomba msamaha kwa niaba yake.

"Kumbe ni wewe!" Kidawa akasema katikati ya machozi. "Na mimi nimewasingizia nguruwe mwezi mzima!"

Shungi la Tepetepe likakatwa pale pale. Akaonekana kama yai lenye masikio. Kisha Bibi Kumvi akatoa hukumu.

"Muhogo ni wake, asali ni yetu. Nusu ya kosa imeondoka, nusu imebaki. Ataweza kutoka, lakini mtu mmoja akae mahali pake mpaka msitu utosheke."

Wote wakamtazama Bi Tabu. Bi Tabu akavuta pumzi ya kujibu, na sauti ikatoka nyuma yake.

"Nitakaa mimi."

Alikuwa Machano. Macho bado hajayafumbua. Akapapasa, akasimama kwenye nyayo za mkewe, ardhi ikamshika. Miguu ya Kidawa ikafunguka. Kidawa akamtazama mumewe na akampenda kuliko siku ya harusi, na siku ya harusi alimpenda sana.

"Lipo neno moja," akasema Bibi Kumvi. "Msitu ulimsikia mama mwenyewe akikiri kuwa aliyeitaka asali ni huyo wa tumboni. Basi mtoto ana ladha ya Shumbi ulimini. Akizaliwa, kabla kitovu chake hakijadondoka, mpeni jina la yule aliyemtoa msituni. Mkimpa jina la kweli, ni wenu. Mkikosea, sisi tutamwita jina letu, naye ataitika. Hatua yake ya kwanza ataipiga kuja huku."

Wakaondoka. Bi Tabu mbele, Kidawa katikati, Tepetepe nyuma na kifurushi chake, maana hakuwa na kwao tena. Hawajafika nusu ya njia, uchungu ukamshika Kidawa. Kila uchungu ulipokuja alijizungushia ukili mkononi, akasimama, akauma meno. Ulipopita, akatembea. Alisimama hivyo mara kumi na tisa. Alijifungua nyumbani, juu ya mkeka usiomalizika, mtoto wa kiume. Kitu cha kwanza mtoto alichofanya duniani kilikuwa kujilamba midomo.

Siku ya tatu Machano akarudi. Hakutoroka, alifukuzwa. Machano akiogopa huzungumza, na aliogopa siku tatu mfululizo. Aliwaeleza vibwengo habari za jino lake, na za shangazi zake wote, na namna ya kutambua boga lililoiva. Miti iliyokuwa karibu naye ikahamia ng'ambo ya mto. Bibi Kumvi alimsindikiza mwenyewe hadi ukingoni, vidole masikioni, anapiga kelele, "Msitu umetosheka! Umetosheka!"

Siku ya sita, asubuhi, Kidawa alimfungua mtoto nguo akaona kitovu kimeshikilia kwa uzi tu. Akawaita wote uani.

"Leo ndiyo leo," akasema. "Semeni."

Bi Tabu akaanza, kwa sababu Bi Tabu siku zote huanza. "Mtoto aitwe Tabu. Nani alimtafuta? Mimi. Nani alifumua mkeka wa miaka saba? Mimi. Nikifa leo mtanilaza juu ya gunia. Pasipokuwa na ukili wangu, hata huyo Machano wenu asingeijua njia ya kuingia. Mimi ndiye niliyemtoa."

"Mama, mtoto aitwe Tabu?" akauliza Machano.

"Nimelibeba jina hilo miaka sitini na halijaniua."

Machano akajikohoza. "Mtoto aitwe Machano. Ukili ulifika, sawa. Miguu ilifunguka? Haikufunguka. Ilifunguka nilipoweka yangu. Mimi naogopa mende, mnajua nyote. Nilikaa siku tatu na vibwengo. Mimi ndiye niliyemtoa."

"Machano wa Machano," akasema Bi Tabu. "Kama mtu anayeita kisimani. Na tena walikutupa wenyewe."

"Walinitupa nikiwa nimeshakaa!"

Tepetepe alikuwa amekaa pembeni, juu ya kinu kilichopinduliwa. Kichwa kilikuwa kimeanza kuota vinywele viwili vitatu. Alizungumza polepole.

"Najua mimi ndiye niliyekaribisha. Najua niliiba. Lakini ukili uliletwa na mtu anayerudi kwake. Miguu iliwekwa na mtu aliyerudi kwake. Mimi nilisema neno moja la kweli, na sasa sina kwangu. Pasipokuwa na neno hilo, Bibi Kumvi asingekubali mtu yeyote akae mahali pa mtu yeyote. Mimi ndiye niliyemtoa. Na jina langu si baya hivyo."

"Tepetepe?" wakasema mama na mwana kwa pamoja.

"Kwetu lilikuwa la kishujaa."

Wakaanza kubishana tena. Ukili! Miguu! Neno! Kidawa aliwatazama mmoja mmoja, na kila aliyesema, alisema kweli. Wote watatu aliwapenda, hata yule mwizi wa mihogo. Akaiangalia mikono yake. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia alama za ukili bado zilikuwa zinaonekana, nyekundu na nyeusi, kumi na tisa.

"Na njia ile ya kurudi," akasema, si kwa sauti kubwa, "nani aliitembea?"

Wote watatu wakamgeukia.

"Nyinyi mlinitoa mimi," akasema Kidawa. "Yeye alitoka ndani ya tumbo la nani?"

Bi Tabu akaushika mkono wa mkwewe, akazihesabu zile alama. Kisha Kidawa mwenyewe akainamisha kichwa. "Lakini tena," akasema, "ni mimi huyu huyu niliyemwingiza. Niliambiwa nitulie."

Hapo upepo haukuwepo, na majani ya Shumbi yakatikisika yote kwa pamoja, kama pana watu waliosogea ukingoni kusikiliza. Mtoto akageuza sikio upande ule. Akajilamba midomo. Kidawa akaweka kiganja chini ya kitovu, akaona uzi unaachia, akavuta pumzi, akafungua kinywa amwite mwanawe jina.

Nami nafunga changu hapa, kwa sababu aliyenihadithia alikifunga chake hapo hapo, akaniacha nahangaika mpaka leo.

Mwenye ukili, mwenye miguu, mwenye neno, au mwenye tumbo: nani alimtoa mtoto yule Shumbi? Je, aitwe nani? Msiniangalie mimi. Jibuni upesi, kitovu hicho kinadondoka.