Pimbi Atokwa na Jasho Kwenye Sakitu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanalima viazi mlimani, ilianguka sakitu. Mnaijua sakitu? Ni umande ulioganda ukawa mweupe. Ukiukanyaga unalia kacha, kacha, na vidole vya miguu unavitafuta huvihisi.

Mama Pimbi alikuwa na watoto tele na shamba la viazi ambavyo havijachimbwa. Sakitu ikipiga tena, viazi vyote vingeoza ardhini, na watoto wangekufa njaa. Bahati nzuri siku hiyo ujima ulikuwa kwake. Alikwisha kupalilia kwa Nyati na kwa Nguruwe Mwitu mpaka kucha zikalika, sasa ilikuwa zamu yao kumchimbia.

Thubutu! Wale wakubwa walikuwa wamejifungia kwa Nyati, blanketi moja, wananyang'anyana ncha.

Pimbi akabisha hodi. Nyati akajibu humo humo blanketini kwamba leo ni mgonjwa. Nguruwe akasema yeye anamuuguza.

Pimbi hakubishana. Alirudi nyumbani, akajimwagia maji ya moto ya kuoga, sufuria zima, akaja mbio akifuka mvuke.

"Jirani, nipepee," akamwambia Nyati, akijibwaga sakafuni. "Naungua mimi."

Nyati akatoa pua nje. Kweli, Pimbi alikuwa anafuka kama kiazi cha kuchemsha! Akamuuliza joto hilo kalitoa wapi.

"Shambani kwangu. Joto lote la mlima limehamia kule. Ila ninyi msije, mtalimaliza."

Kuambiwa msije! Blanketi likaruka huku, wao wakatoka kule, vishindo puta puta mpaka shambani. Walipofika wakasimama, na meno yakaanza ka-ka-ka-ka. Nguruwe akauliza kwa hasira joto lenyewe liko wapi.

"Liko chini ya viazi," akasema Pimbi. "Humpanda aliyeinama. Ukisimama linakukimbia."

Wakainama. Nyati kwa pembe, Nguruwe kwa pua, viazi vikawa vinaruka juu, na watoto wa Pimbi wanadaka na kujaza magunia huku wakicheka mpaka wanaanguka. Mara mgongo wa Nyati ukaanza kufuka.

"Limenipanda!" akanguruma, akamsukuma Nguruwe asimwibie tuta lake. Tuta la mwisho nusura walipiganie ngumi.

Shamba likaisha. Watoto wakakalia magunia yaliyobaki matupu, wakateleza kwenye nyasi zenye sakitu, swiii! Nyati naye akataka. Akakalia gunia, akateleza swiii mpaka uani kwa Pimbi, akaligonga lile sufuria, kwangala! Akalitazama. Akanusa matone ya maji yaliyobaki, akakumbuka ule mvuke wa Pimbi, akaelewa. Pimbi na Nguruwe wakamfikia.

"Pimbi, umetudanganya. Ulijimwagia maji."

"Kwani una baridi, jirani?"

Nyati akajigusa kifua. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Sina," akasema polepole.

"Basi ingieni mle viazi."

Na hadithi yangu imeteleza na gunia mpaka bondeni, ikaacha neno hili tu: baridi humuuma zaidi aliyejikunja.