Blogu Aliyoipanda Somoe

Shamba la kuazima halipandwi mkorosho. Mmeisikia ofisini, mkaicheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni, na simu zenu wekeni chini. Methali hii ilianza hivi, na mpaka leo nikiisimulia damu inanichemka.

Alikuwapo binti wa Newala, Somoe, afisa kilimo kijana katika kampuni moja ya kuuza dawa za mikorosho. Miezi yake ya kwanza kazini alikiona cha moto. Chuoni walimfundisha magonjwa ya mimea. Hakuna aliyemfundisha namna ya kumkosoa mkulima anayemzidi umri baba yake, wala namna ya kuandika taarifa ambayo bosi ataisoma mpaka mwisho. Alijifunza kwa kuchekwa. Alipoyajua hayo, akasema wenzake wasichekwe kama yeye, akaanzisha blogu ya kuwashauri vijana wanaoanza kazi.

Lakini aliianzisha wapi? Kwenye tovuti ya kampuni! Ilikuwa bure, ilikuwa tayari, na meneja wake, Bwana Lukanga, alimpigia makofi. Miaka minne, kila Jumamosi asubuhi, siku yake ya mapumziko, Somoe aliandika. Vijana kutoka Tunduru mpaka Tanga walimsoma, wakamuuliza maswali, naye akawajibu mmoja mmoja. Nakala ya kwake hakuweka hata moja.

Mwaka wa tano akaacha kazi, akaaga vizuri. Alikuwa ameomba nafasi aliyoitamani tangu chuoni, ya kufundisha maafisa kilimo wapya, na waliotangaza walitaka kuona maandishi ya mwombaji. Siku ya usaili akawatajia blogu yake. Wakaifungua palepale mbele yake. Kila makala, kuanzia ya kwanza, ilikuwa na jina la Lukanga.

"Binti," mmoja wao akamwambia, "kuiba maandishi ya bosi wako ndiyo sifa uliyotuletea?"

Somoe alitoka mle machozi yanamtiririka, na hayakuwa ya huzuni, yalikuwa ya hasira. Akaenda moja kwa moja kwa Lukanga.

"Umefuta jina langu!"

"Tovuti ni ya kampuni," Lukanga akajibu, hata kiti hakumkaribisha. "Na kilichomo ni cha kampuni. Ulisaini mkataba. Au hukuusoma?"

Hakuwa ameusoma. Lakini Lukanga! Mtu mzima, hana hata chembe ya haya!

Somoe akarudi Newala kwa mjomba wake, Mzee Nangonga, aliyemlea. Alitaka kupozwa. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akawaka kuliko yeye.

"Mwaka ule mgeni alipokuja kutuomba kipande cha kulima, tulimwambiaje?"

"Alime mihogo, mjomba. Alime njugu na mbaazi."

"Tukamkataza nini?"

Somoe akageuza uso kuelekea mikoroshoni.

"Sema!"

"Kupanda mkorosho."

"Kwa nini?"

"Mihogo atang'oa aondoke nayo. Mkorosho hauhami. Siku akiondoka, unabaki kwa mwenye shamba."

"Kumbe unajua!" Mzee akapiga goti lake kwa kiganja. "Huyo Lukanga ni mwizi, na nitamwambia usoni. Lakini wewe, mwana wa dada yangu, uliyezaliwa katikati ya mikorosho, nani alikutuma ukapande wako kwa watu? Shamba la kuazima halipandwi mkorosho!"

Kazi ile alipewa mtu mwingine. Maandishi hayakurudi. Somoe alilia siku mbili, ya tatu akafungua tovuti yake mwenyewe, kwa jina lake, akaanza upya kabisa. Makala ya kwanza aliyoweka ilikuwa maneno ya mjomba wake, yote, pamoja na matusi niliyowaficha nyinyi. Vijana wa maofisini wakayasoma, wakayachukua, na hivyo ndivyo yalivyowafikia nyinyi.

Sasa nyinyi mnaotikisa vichwa kumsikitikia Somoe, wangapi hapa mnaandika kwenye ukurasa wa mwajiri? Nyoosheni mikono niione.

Loo! Wote?

Na mkataba, nani ameusoma? Mbona mikono imeshuka? Basi msije tena kuniuliza maana yake. Shamba la kuazima halipandwi mkorosho.