Ghala la Mtama na Kiapo cha Tembo na Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima na kupika uji kama sisi, ukame uliwabakizia ghala moja tu la mtama. Usicheke, wewe wa nyuma, ngoja usikie.

Mlangoni mwa ghala wakubwa wawili, Tembo na Kiboko, waligombana siku tatu, wala hapakupita mtu. Bi Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini, aliwasikia wanawe wakilia njaa, na moyo ulimuuma sana.

"Nitawale mimi!" alifoka Tembo. "Korongo, yule ndege wa safari za mbali, kaniletea elimu ya Uyunani. Wanafalsafa wa huko wanasema mji utawaliwe na wenye hekima, waliotiwa dhahabu rohoni. Haya, nani hapa ana kichwa kikubwa kuliko changu?"

"Loo! Mambo ya kizamani hayo!" Kiboko akadakia. "Mimi nimesoma kijitabu cha wakomunisti, kilikuwa kinaelea mtoni. Mali ni ya wote, na kila mmoja apewe kadiri ya mahitaji yake. Na mahitaji yangu, ndugu zangu, ni haya!" Akajipiga tumbo. Bum! Bum!

Basi nikwambieni siri. Tembo alisinzia Korongo akiwa katikati ya maneno. Kiboko naye alisoma ukurasa mmoja, ule mwingine akautafuna. Bi Pimbi ndiye aliyemsikiliza Korongo mpaka mwisho, na kijitabu alikisoma chote kilipoanikwa kwenye jabali lake, kabla Kiboko hajatafuna ule ukurasa.

"Shikamooni, wazee wangu," alisema Bi Pimbi akiwasogelea.

"Marahaba!"

"Nyote mmesema kweli. Tufuate elimu zote mbili, bila kupunguza neno. Ila muape kwanza."

Kiapo chao kilikuwa kuvuka mpini wa jembe mbele ya watu. Tembo akavuka, ardhi ikatikisika. Kiboko akavuka, puu! Kila mmoja alijiona ameshinda.

"Vizuri. Mzee Tembo, tutawale. Lakini Wayunani hao walisema mtawala asiwe na mali wala chungu chake. Atapewa posho ya kumtosha tu, ale pamoja na walinzi wenzake. Mwenye dhahabu rohoni atake nini ghalani?"

"Aa! Korongo hakusema hivyo!"

"Alisema, mzee. Ulikuwa unakoroma."

Kiboko akacheka, kwa kwa kwa, mpaka machozi.

"Nawe Mzee Kiboko, ule ukurasa ulioutafuna ulisema kila mmoja atoe kadiri ya uwezo wake. Nani ana nguvu kama wewe? Bonde lile lote linakusubiri ulilime kabla ya mvua."

Kiboko akamaka. "Na mahitaji yangu je?"

"Utapewa. Wanaanza wenye njaa ya siku tatu."

Mpini walikwisha kuuvuka, na kiapo hakirudi nyuma. Tembo akalinda mtama asioruhusiwa kuugusa, anahema tu. Kiboko akalima, ngwa! ngwa! Na jikoni uji ukachemka, wana wa Bi Pimbi wakanywa mpaka wakaramba kata.

Nanyi wanangu, maneno ya wenye hekima yasikilizeni mpaka mwisho, msichukue ile nusu inayowashibisha.